Makumbusho ya Misheni, Bagamoyo: pa kuanzia na pa kutopita haraka

Wengi huingia moja kwa moja kwenye vyumba vya maonyesho, wakatazama minyororo ya watumwa na picha za zamani, kisha wakaondoka. Hilo ni kosa, kwa sababu historia yenyewe iko uwanjani.

Anza na njia ya miembe, kisha mbuyu. Mapadri wa Roho Mtakatifu kutoka Ufaransa, wakiongozwa na Antoine Horner, walifika hapa mwaka 1868, na mbuyu ulipandwa mwaka huohuo. Inama karibu na shina: mnyororo uliotumika kumfungia punda umemezwa na gome, zimebaki pete chache tu nje. Usizivute, tafadhali.

Mnara wa kanisa la kwanza huitwa wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, basi watu hudhani amezikwa hapo. Hakuzikwa. Mwili wake ulifikishwa Februari 1874, ukapelekwa Zanzibar, na kaburi liko katika kanisa la Westminster Abbey, London. Kanisa kubwa la jirani ni la 1910 hadi 1914, enzi za Wajerumani.

Makaburi ya wamisionari ndiyo yanayosimulia zaidi. Soma umri: vijana wengi, malaria haikuwaonea huruma. Jumba la makumbusho ni lile la masista, la 1876.

Nenda asubuhi, jua la saa sita ni kali uwanjani. Jumapili kuna misa, kwa hiyo kanisani ingia kimya au subiri iishe. Mwongoza wageni anafaa. Mwulize kijiji cha watumwa waliokombolewa kilikuwa wapi.