Samaki wadogo wa rangi kwa tangi la sebuleni Mwanza: tuanze na yupi?

Hapa Mwanza ukisema unakwenda kununua samaki, watu wanajua unaelekea Mwaloni Kirumba, na watakuagiza dagaa. Mama mkwe wangu alipoliona tangi sebuleni aliuliza kama hao wakinenepa tutawakaanga au tutawachemsha. Tangu hapo nimewafuga aina kadhaa, wengine nimewazika, na orodha hii naipanga kwa ugumu wa samaki, rangi baadaye. Mshindi kwangu ni yule anayevumilia maji ya bomba letu na umeme unaokatika bila taarifa.

Kabla ya aina, idadi. Hawa ni samaki wa kundi. Ukichukua wawili wa aina hii na wawili wa aina ile, watajibanza nyuma ya filta, rangi imefifia, na utadhani umeuziwa wagonjwa. Chukua wanane wa aina moja, tangi lisipungue lita 60. Ukinunua wengi kwa mpigo hata bei unaipigania vizuri zaidi.

Namba moja ni danio pundamilia. Asili yake ni India na Bangladesh, ana mistari ya buluu iliyonyooka kutoka kichwani mpaka mkiani, urefu kama sentimita 4. Hatulii. Asubuhi ukiwasha taa wanakimbizana kutoka ukuta hadi ukuta kama watoto waliotoka mapumziko, kwa hiyo tafuta tangi refu kuliko lenye kina. Nyuzi 18 hadi 25 zinamtosha, ndiyo maana kwa hali ya hewa yetu sijawahi kumnunulia hita. Funika tangi tu, maana anaruka. Wangu mmoja nilimkuta kwenye kapeti, amekauka kama dagaa wa kuanika.

Namba mbili, rasbora halekwini wa Malesia na jirani zake: mwili wa shaba, ubavuni pembetatu nyeusi. Huyu ni mpole, na kundi lake hutembea kwa pamoja kweli, likigeuka wote wanageuka. Anapenda maji laini, yaani yasiyo na madini mengi, na kwa hilo tuna bahati, kwani maji ya ziwa ni laini kuliko ya visima vingi.

Gapi nampa namba tatu japo si samaki wa kundi kihalisi. Mkia wake unashinda kanga kwa rangi. Nunua madume matupu. Ukichanganya na majike, kila baada ya mwezi hivi utapata vifaranga, na majirani wataanza kukukwepa kila ukiwaonyesha mfuko wa vifaranga.

Neoni, yule wa Amazoni mwenye mstari wa buluu unaowaka na nyekundu nyuma, ndiye kila mtu anamtaka. Namuweka wa nne. Nilinunua kumi mara ya kwanza, muuzaji akaniapia kwamba tangi jipya halina shida. Siku ya tano nilikuwa nimebaki na wawili. Tangi jipya halina bado bakteria wa kula amonia, sumu inayotokana na mavi na mabaki ya chakula, na bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujijenga kwenye filta. Danio kidogo angestahimili. Neoni hastahimili, kwa hiyo mnunue tangi likiwa na miezi mitatu. Binamu yake kadinali, ambaye nyekundu yake inafika mpaka kichwani, ni mzuri zaidi na hupenda joto zaidi. Mwache mpaka uzoee.

Samaki aitwaye taiga babu, mwenye mistari minne myeusi, usimchanganye na gapi. Atamtafuna mkia.

Mpwa wangu aliuliza kwa nini tusivue furu, wale samaki wadogo wa asili wa Ziwa Victoria, bure ziwani. Rangi furu wanazo, madume hasa, lakini dume hushika eneo lake na kupiga kila anayesogea. Kwenye tangi dogo hiyo ni vita. Na wa dukani nao usiwamwage ziwani ukiwachoka. Sangara naye aliletwa, akawala furu, na wengi hawakurudi.

Dukani mwombe muuzaji awalishe mbele yako. Samaki asiyekimbilia chakula, aliyebana mapezi, mwenye tumbo lililobonyea au vidoadoa vyeupe kama chumvi, muache, na wenzake wa tangi hilo pia. Uliza waliingia lini. Walioshuka jana wape wiki moja wabaki hukohuko.

Klorini ya bomba huua, basi maji yalale kwenye ndoo wazi siku nzima. Umeme ukikatika usiku, chota maji ya tangi kwa jagi uyamimine tena kutoka juu, mara kwa mara, yanabeba hewa. Siku ya kuwaleta, acha mfuko uelee juu ya maji dakika 20, ongeza humo vikombe viwili vitatu vya maji ya tangi kidogokidogo, kisha wachote samaki kwa kijiwavu. Maji ya dukani mwaga kwenye migomba.