Kompyuta imegoma kuwaka baada ya sasisho: uliondoe au upige Windows upya?

Wiki hii hapa Dodoma nimeletewa kompyuta ya mezani: nembo inatokea, vidoti vinazunguka, kisha kioo cheusi. Kuondoa sasisho hakuli bando wala hakugusi faili zako. Izime kwa kitufe ikiwa inajaribu kuwaka, mara mbili au tatu, mpaka menyu ya matengenezo ije, uliondoe humo. Ila sasisho kubwa la Windows kwa kawaida hurudishwa nyuma ndani ya siku 10 tu.

Kupiga upya kunataka flashi ya GB 8, bando la kutosha na saa kadhaa, lakini hutibu hata mfumo uliovurugika kabisa.

Mahesabu ya duka lako la Majengo yamo humo bila nakala? Anza na kuondoa. Nakala unazo na mashine ilishakuwa nzito? Piga upya.