Aikoni ya eneokazi au ya upau wa kazi?

Katika duka la steshenari karibu na stendi ya Moshi, nilikuta kompyuta yenye kikokotoo kilichofunguliwa mara saba na VLC, programu ya kuchezea video na muziki, mara tatu, kwa kuwa mhudumu alibofya aikoni ya eneokazi (skrini kuu ya kompyuta) kila alipohitaji programu, kama vile mteja wa fotokopi alipotaka kujua jumla ya bei.

Aikoni ya eneokazi ni amri tu: huiagiza Windows iendeshe faili fulani, wala haiulizi kama programu hiyo tayari iko kazini. Kuzuia nakala ya pili, yaani programu ileile kufunguka tena ikiwa tayari iko wazi, ni wajibu wa aliyeiandika programu. Zipo zinazojikagua zinapoanza, zikakuta mwenzao yuko hai, zikamkabidhi kazi na kujifunga zenyewe. Nyingine, kama kikokotoo, hazijali. VLC husubiri uiruhusu nakala moja tu katika mipangilio yake, jambo ambalo wengi hawalijui.

Aikoni iliyobandikwa kwenye upau wa kazi, ule mstari ulio kwa kawaida chini ya skrini, kwa mtindo ulioanza na Windows 7 mwaka 2009, hufungua programu iliyofungwa, lakini ikiwa tayari iko wazi huleta dirisha lake mbele. Anayetaka nakala nyingine kwa makusudi hushikilia kitufe cha Shift anapobofya.

Kwa kaunta yenye foleni, mimi nachagua upau wa kazi bila kusita. Eneokazi nililiachia mafolda ya wateja, ambayo, kusema kweli, nayo yalihitaji kufagiliwa.