Meno ya bandia yaliyopigwa vanishi: miezi minane mdomoni

Nina meno ya bandia ya juu, seti nzima, huu ni mwaka wa sita. Ni yale ya plastiki ya waridi, akriliki kama wanavyoiita mafundi. Mwaka jana kaakaa lilianza kuwaka. Pilipili niliiaga, chai nikawa nasubiri ipoe mpaka ifanye ngozi. Aliyenishtua hasa ni mjukuu wangu: alichukua glasi ninayolowekea meno ili aioshe, akairudisha mezani haraka. "Babu, glasi yako inanuka."

Nilikwenda kwa daktari wa meno hapa Mtwara mjini. Kijana, huenda ana umri wa wanafunzi wangu wa mwisho. Alinipa shikamoo, akayatoa meno, akaniwekea kioo. Kaakaa lilikuwa jekundu, na wekundu wenyewe ulifuata ukingo wa meno yale yale, kama nimegongwa muhuri.

"Mwalimu, unalala nayo?"

Nikakohoa. Akaelewa.

Ni fangasi, kandida, wale wale wanaofanya utando mweupe kwenye ulimi wa mtoto mchanga. Aliniandikia dawa ya nistatini, kisha akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Meno haya hung'arishwa nje tu. Upande wa ndani, unaokaa juu ya kaakaa, fundi hausugui, kwani akiusugua anaharibu vipimo na meno yanalegea. Kwa hiyo unabaki na mikwaruzo na vitundu visivyoonekana kwa macho, na humo ndimo fangasi wanamojibanza. Yangu yalikuwa na ubaya wa ziada: yaliwahi kupasuka, fundi mmoja akayaunga kwa akriliki ile ya kuchanganya na kuacha igande yenyewe bila kuchemshwa. Hiyo huwa na vitundu vingi zaidi.

Ndipo akanishauri yapigwe kitu ninachokiita vanishi, sina jina jingine zuri. Ni majimaji yanayopakwa kwa brashi, kisha meno yanaingizwa kwenye kisanduku cha mwanga, yanakauka na kuwa ngozi nyembamba, laini. Haiui fangasi. Inaziba vile vitundu, wakose pa kushika. Nilimuuliza kama hakuna ya kuwaua kabisa. Akasema watafiti wanajaribu kuchanganya chembe ndogo sana za fedha, na zinaua kweli, ila zinaweza kuibadili rangi plastiki. Wajapani nao wana polima inayoiga utando wa seli zetu, inashika maji kiasi kwamba vijidudu vinashindwa kunata. Mimi nilipata ya kawaida, shilingi 40,000 pamoja na nauli ya meno.

Ndiyo, nauli. Kisanduku kiko Dar es Salaam, meno yakapanda basi. Bahati yangu mvua hazikuwa zimekata barabara kule Somanga. Siku tano nilikunywa uji, nikikaa mbali na jirani zangu wa barazani, na hiyo wiki ndiyo walileta ming'oko ya kuchemsha, vile viazi pori vya huku kwetu. Sitaisahau.

Yaliporudi nilipitisha kidole gumba ndani. Zamani palikuwa kama kigae cha paa, sasa panateleza kama sahani ya kauri. Wiki mbili za mwanzo yalibana kidogo, kisha yakakaa. Ule ute wa asubuhi, unaovutika ukiyatoa kwenye glasi, ulipungua sana. Dawa ilimaliza wekundu, na haukurudi. Ila niseme ukweli: siku hizo hizo niliacha kulala nayo, kwa hiyo sifa zote siwezi kuipa vanishi.

Ushahidi nilioupata umetokana na kosa langu. Niliendelea kuyasugua kwa mswaki mgumu na dawa ya meno, nikidhani natunza. Dawa ya meno ina chenga zinazokwaruza plastiki. Sabuni ya kawaida na brashi laini vinatosha. Katika mwezi wa sita tangu yapigwe, vanishi ikaanza kubanduka pembeni, kama rangi ya kucha. Kipande cha upana wa punje ya mchele kikabaki wazi. Sasa tazama: kipande hicho ndicho kilichoshika rangi ya chai, na ukipitisha kidole ndicho chenye ute kila jioni. Sehemu ya jirani yake, yenye vanishi, safi. Mdomo ule ule, chakula kile kile.

Kwa hiyo inafanya kazi, lakini haidumu, na mtu aliyeniuzia hakunitajia hilo hata kwa bahati mbaya. Kwa mwenye meno mapya, yasiyoungwa, anayeyavua usiku na kuyaosha, sidhani kama ningemshauri atumie hela yake. Kwa mwenye kiraka kama mimi, ningemwambia apige, aweke mswaki mgumu mbali.

Hela za korosho zikitoka nitayapandisha tena basi. Safari hii nitahakikisha kwanza kwamba hakuna mwenye ming'oko jikoni.