Uchambuzi: Richard II ya Shakespeare, na jinsi mfalme anavyokimbiwa na watu wake

Karibuni tena, watazamaji. Leo mezani tuna tamthilia: Richard II ya William Shakespeare, ya mnamo 1595. Wengi wanaotaka kuona mfalme akianguka hukimbilia Macbeth au King Lear. Ni kazi kubwa, sibishi. Ila kama unataka kuona nani anaanza kumhama mfalme, nani anafuata na kila mmoja anajipa sababu gani, chukua hii. Mfalme huyu anapoteza nchi nzima bila vita hata moja kupiganwa jukwaani.

Chanzo ni mali. Richard anamfukuza nchini binamu yake, Henry Bolingbroke, kwa miaka 10, kisha anaipunguza hadi 6. Baba yake Bolingbroke anapofariki, mfalme anatwaa mali yote ya marehemu ili agharamie vita vya Ireland. York, baba mdogo wa mfalme, anamwonya papo hapo: wewe mwenyewe umekalia kiti cha kurithi, sasa ukimnyima mtoto urithi wa baba yake, chako utakiteteaje? Richard hasikii. Anasafiri kwenda Ireland, na nchi anamwachia York huyo huyo. Weka alama ukurasa huo. Makabaila wanaoondoka mapema wanaanzia hapo: kama binamu yake kamfanyia hivi, mali yangu mimi iko salama wapi?

Bolingbroke anarudi nchini kudai urithi wake. Wanaomkimbia mfalme hawafanani, na hapa ndipo mwandishi alipofanya kazi yake. Katika tendo la 2, onyesho la 2, inakuja habari kwamba Worcester, msimamizi wa nyumba ya mfalme, amevunja fimbo yake ya kazi, yaani amejiuzulu, na watumishi wamemfuata kwa Bolingbroke. Vipenzi watatu wa mfalme, Bushy, Green na Bagot, wanabaki wakipiga hesabu: wananchi wanatuchukia kwa sababu yake, tukimbilie wapi? Wawili wanakwenda Bristol, mmoja Ireland. Hawajahamia kwa adui, wanaokoa roho zao. Halafu kuna jeshi la Wales, ambalo halikimbii kwa chuki wala kwa tamaa. Limesubiri siku 10 bila habari, limeona miti imekauka na vimondo angani, likaamini mfalme amekufa. Onyesho hilo halifiki hata mistari 30, na waongozaji wengi hulipitisha haraka. Wanakosea, kwa sababu bila hilo onyesho kubwa linalofuata halina uzito.

Lenyewe ni tendo la 3, onyesho la 2. Lisome polepole. Richard anatua pwani ya Wales, anaigusa ardhi kwa mkono wake. Anasema maji yote ya bahari hayawezi kuosha mafuta aliyopakwa mfalme, na kwamba kwa kila askari wa Bolingbroke, Mungu anaye malaika. Hapo hapo anaingia kabaila wake, Salisbury: umechelewa siku moja, jana ulikuwa na wapiganaji 12,000. Mfalme anapauka, kisha anajitia moyo. Anaingia mjumbe mwingine, Scroop: wazee wenye mvi, vijana, hata wanawake wameshika silaha dhidi yako. Richard anauliza Bushy na Green wako wapi, anaambiwa wamefanya amani na Bolingbroke. Anawalaani, anawaita Yuda. Scroop anamjibu kwamba amani hiyo wameifanya kwa vichwa vyao: wamekatwa. Yaani amewalaani kwa usaliti watu waliokufa kwa ajili yake! Habari ya mwisho ni kwamba York naye amejiunga na upande wa pili. Richard anawaruhusu wachache waliobaki waende zao. Bolingbroke hajafika bado, na mfalme mwenyewe ameshavunja jeshi lake.

Mwigizaji anayelia tangu mwanzo analiharibu onyesho hili. Lazima apande na kushuka, apande tena na kushuka tena, mpaka nguvu ziishe. Akianza chini, habari za wajumbe hazina pa kumwangusha.

Mhusika ninayetaka umtazame kuliko wote ni York. Anamkemea Bolingbroke kwa ukali kama mwasi. Anasema angekuwa na nguvu angemkamata, lakini hana, kwa hiyo hatakuwa upande wowote. Kisha, katika kauli hiyo hiyo, anawakaribisha waasi walale ndani ya ngome! Baadaye anagundua barua kifuani mwa mwanawe, Aumerle, ya njama ya kumwua mfalme mpya, yaani Bolingbroke, akaitisha viatu vyake vya kupandia farasi akamshtaki mtoto wake mwenyewe. Maonyesho mengi hukata sehemu hiyo kwa kuwa inachekesha. Mimi naona ikikatwa unapoteza nusu ya York: aliyehama hulazimika kuthibitisha utii wake kila siku, hata kwa damu yake.

Wanaobaki ni wachache. Askofu wa Carlisle anapinga hadharani na kukamatwa pale pale. Na gerezani Pomfret, alikofungwa Richard, anafika mtunza farasi, mtu asiyetajwa hata jina, aliyehangaika kupata ruhusa ya kumwona bwana wake. Anamweleza kwamba siku ya kutawazwa, Bolingbroke alimpanda Barbary, farasi ambaye Richard alikuwa akimlisha mkate mkononi.

Kuhusu toleo: chapa ya kwanza ya 1597 haina sehemu ambayo Richard anavuliwa taji mbele ya bunge. Ilichapishwa mara ya kwanza 1608. Matoleo ya leo huwa nayo, lakini ukikuta kitabu kilichofupishwa, fungua tendo la 4. Kama Richard haagizi kioo ajitazame sura, sehemu hiyo imekatwa, usinunue.

Kwa kutazama, kuna filamu ya BBC ya 2012, Ben Whishaw akiwa mfalme, na onyesho la Royal Shakespeare Company la 2013, lenye David Tennant. Uigizaji ni wa hali ya juu kotekote. Lakini zote mbili zimebadilisha muuaji: badala ya Exton, anayemwua Richard ni Aumerle. Inashtua, nakubali. Ila katika maandishi Aumerle ni mmoja wa wale waliojaribu kumrudishia mfalme nchi, na Exton ni mtu aliyeua kwa kudhani anampendeza bosi mpya, kisha bosi akamfukuza. Hilo la Exton ni kali zaidi, na kwenye matoleo hayo hutalipata. Kwa hiyo soma tendo la 5 kwanza, filamu baadaye.