Selo ya Mwanafunzi kwa Bei Nafuu: Ipi Ununue, Ipi Uiache

Selo (cello), kile chombo kikubwa cha nyuzi kinachopigwa kwa upinde, ikiwa ya bei nafuu ina vitu vya namna mbili: vile ambavyo fundi atavibadilisha kwa fedha kidogo, na vile ambavyo vikiwa vibovu, fedha yako imeshakwenda. Nyuzi, daraja linalozibeba, upinde na vigingi vya kutyunia ni vya kubadilishwa. Uso wa selo, shingo na namna shingo ilivyoungwa na mwili si vya kubadilishwa. Matangazo husifia zaidi mfuko, ulimbo wa kupaka upinde na vanishi inayong'aa, kwa sababu ndivyo vinavyopendeza kwenye picha. Mnunuzi mwenye fedha kidogo aanze na shingo.

Nafasi ya kwanza naipa selo iliyokwisha kutumika, yenye uso wa sprusi halisi (mti wa jamii ya msonobari), inayouzwa na mwalimu au mwanafunzi anayehamia kwenye chombo bora zaidi. Mbao zake zimeshapita misimu ya mvua na ya jua. Kama zingepasuka, huenda zingekuwa zimepasuka tayari, na ufa utauona. Daraja lake limeshachongwa na mtu anayejua kazi. Utakutana na selo za Luby nchini Ucheki, za Reghin nchini Romania, na nyingi sana za China. Zote zinaweza kuwa nzuri. Karatasi iliyobandikwa ndani ikiwa na jina la Stradivari, fundi mashuhuri wa kale wa Italia, usiishughulikie wala usiilipie: viwanda vya Ulaya vilibandika jina hilo kwenye maelfu ya vyombo vya kawaida kuonyesha tu umbo lililoigwa.

Kwa aliye Nairobi, mahali pa kuanzia kuulizia ni kwa walimu wa Kenya Conservatoire of Music. Kwa aliye Unguja, ni Dhow Countries Music Academy na wapigaji wa taarab, maana selo imekaa pamoja na fidla kwenye taarab ya Unguja kwa miongo mingi. Wapigaji hujua nani anataka kuuza kabla tangazo halijaandikwa.

Ukishaiona, usianze kuipiga. Anza kuipima, na uende na rula.

Laza rula ndefu iliyonyooka juu ya ubao wa vidole, ielekee kwenye daraja. Kwenye selo ya ukubwa kamili, rula igonge daraja kwenye kimo cha milimita 80 hivi kutoka usoni. Ikigonga chini sana, kwa mfano milimita 70, shingo imelala. Daraja litabidi lifupishwe, na sauti itafifia. Kuing'oa shingo na kuiunga upya ni kazi ya fundi bingwa, na gharama yake yaweza kuzidi bei ya selo yenyewe. Hapo mshukuru muuzaji, uondoke.

Halafu pima kimo cha nyuzi pale ubao wa vidole unapoishia. Uzi wa A, mwembamba kuliko wote, uwe juu ya ubao kwa milimita 5 hivi, na wa C, mnene kuliko wote, kwa milimita 8 hivi. Selo nyingi mpya za bei ya chini huja na nyuzi zilizoinuka mno, na hili ndilo linalowavunja moyo watoto: kidole kinauma, noti haisafiki, mtoto anaamini hana kipaji. Chini ya nyuzi kule kichwani, kadi ya biashara ipite bila nafasi kubwa. Kasoro hizi mbili zinatengenezeka, kwa hiyo zikusaidie kupunguziwa bei tu.

Angalia ukingo wa tundu lenye umbo la f. Mistari ya mbao iliyo usoni ikiendelea kushuka kwenye ukingo, hiyo ni mbao halisi. Ukiona matabaka, ni plaiwudi. Kisha gonga taratibu kwa kifundo cha kidole kuzunguka kingo zote, mbele na nyuma. Sauti ikibadilika ghafla na kuwa na mtetemo wa kukwaruza, kiungo kimeachia. Kiungo kilichoachia hugundishwa kwa urahisi. Ufa unaopita mgongoni pale inaposimama nguzo ya sauti, yaani kijiti kilichosimamishwa ndani kati ya uso na mgongo, ni jambo jingine: iache selo hiyo.

Mwisho zungusha vigingi. Kigingi kizunguke bila kukwama na kibaki pale ulipokiacha. Ndipo upige, au umwombe anayejua akupigie: kila uzi peke yake, polepole, kutoka chini hadi juu. Karibu kila selo ina noti inayonguruma na kugugumia, mara nyingi kati ya E na F shapu (F#) kwenye uzi wa G, na kizibo kidogo cha kufunga kwenye uzi chini ya daraja huituliza. Noti moja ya hivyo isikutie hofu.

Nafasi ya pili ni selo mpya ya wanafunzi ya Stentor, Eastman au Yamaha, lakini kwa sharti moja: ipitie mikononi mwa fundi wa duka la vyombo vya nyuzi kabla haijafika kwako. Uliza waziwazi nani alichonga daraja. Muuzaji asipokuwa na jibu, hesabu kwamba hakuna aliyelichonga.

Ya tatu ni zile zinazouzwa mtandaoni zikiwa na kila kitu, kama Cecilio, ambazo kwa kawaida hupatikana kwa dola mia kadhaa za Marekani. Sizikatai. Ila ongeza kwenye bei gharama ya kusafirisha, gharama ya fundi na nyuzi mpya, ndipo uilinganishe na iliyotumika. Seti ya D'Addario Prelude inatosha mwanafunzi na hubadilisha selo hizi kuliko kitu kingine chochote cha bei hiyo. Upinde unaokuja na selo hizi mara nyingi umepinda. Tazama kwa jicho moja kutoka upande wa kushikia. Wa faiba au kaboni ulionyooka ni bora kuliko wa mti uliokwenda upande.

Selo ya plaiwudi iko nafasi ya nne, ingawa kwa shule ya pwani yenye watoto wengi na unyevu mwingi ningeipandisha, kwani haipasuki upesi na huvumilia kuangushwa. Sauti yake ni kama imezibwa kidogo, lakini mtoto anayejifunza kushika upinde hatadhurika nayo. Zile zilizopakwa zambarau au waridi, ubao wa vidole ukiwa mti laini uliotiwa rangi nyeusi, siziweki popote. Nyuzi huchimba ubao laini, na baada ya muda kila noti inakwaruza.

Usimnunulie mtoto selo kubwa ili aikulie. Ziko za 1/4, 1/2 na 3/4, na mwalimu akimkalisha nayo atajua mara moja.

Na kama selo inakuja kwa ndege, itikise kidogo kabla ya kukaza nyuzi. Ukisikia kijiti kinabingirika ndani, nguzo ya sauti imeanguka. Legeza nyuzi zote uipeleke kwa fundi ilivyo, kwa sababu nyuzi zikikazwa bila nguzo hiyo, uso wa selo waweza kubonyea au kupasuka. Kwa sababu hiyo hiyo, ukibadilisha nyuzi mwenyewe nyumbani, badilisha mmoja baada ya mwingine, usizitoe zote kwa pamoja.