Nilinunua Simu Kumbe Ina Mwenyewe

Simu yenyewe sina ugomvi nayo. Ni iPhone 11 ya mtumba, kioo hakina mkwaruzo, betri inanifikisha jioni, na wanaotaka sifa zake nyingine watazikuta kokote. Ugomvi wangu ni na duka moja la Kariakoo, hasa kwa sentensi moja niliyotamkiwa mbele ya wateja wenzangu, ambayo hadi leo nikiikumbuka damu inachemka: "Mama, simu imeondoka hapa nzima, umeiharibu mwenyewe."

Niliinunua miezi michache iliyopita, baada ya sikukuu, kwa laki sita na ushee. Kijana aliyeniuzia alikuwa mchangamfu. Aliniwekea WhatsApp, akahamisha namba zangu, akabandika na kioo cha kinga bila kunidai hata shilingi. Nilipofungua mipangilio nikaona juu kabisa, mahali pa jina la mwenye simu, pameandikwa "Prince". Nikamuuliza, "Mwanangu, huyu Prince ni nani?" Akacheka, akasema huyo ni mwenye simu wa kwanza, mtu wa Dubai, na jina lake halina madhara yoyote; kwani simu si inapiga na kupokea? Nami nikaridhika, maana ilikuwa inapiga na kupokea. Ujinga wangu ulianzia hapo, na ninaukiri kabla sijamlaumu mtu.

Kwa wiki kadhaa niliishi na huyo Prince kama mtu anavyoishi na mpangaji mwenzake asiyeonekana. Siku nilipotaka kuweka programu ya benki, simu ikadai nenosiri la Prince. Nikajaribu kumtoa kwenye akaunti, ikadai nenosiri la Prince. Nikajaribu kufuta kila kitu nianze upya, nenosiri la Prince. Nikapiga simu dukani, na yule kijana, bila wasiwasi wowote, akanijibu: "Iflashi tu kwa kompyuta, mama, itatoka." Mpwa wangu akaiunganisha na kompyuta yake, akaiflashi, yaani akaifuta na kuipakia programu yake upya, kama tulivyoelekezwa, na ilipowaka ikatuonyesha ukurasa usemao imefungwa na mwenyewe, chini yake herufi p, vitone kadhaa, na mwisho wa anwani ya barua pepe. Kabla ya ushauri ule nilikuwa na simu yenye kasoro. Baada yake nikawa na kipande cha kioo cha laki sita.

Nimelazimika kujifunza mambo haya uzeeni. Kufuli hilo, ambalo Apple waliliweka kwenye iPhone tangu mwaka 2013, halikai ndani ya simu bali kwenye seva (kompyuta za mtandaoni) za kampuni, na kila simu inapofutwa na kuanza upya ni lazima iulize kule kama ina mwenyewe. Ikiwa mwenyewe hajaiachia, haiendi mbele hata ungeiflashi mara mia. Kwa hiyo fundi wa kwanza niliyemwendea, aliyetaka IMEI (namba ya utambulisho wa simu) na elfu themanini za kutanguliza, alikuwa akitaka elfu themanini tu. Wa pili alikuwa mwungwana. Aliniambia kwamba mbinu za kulizunguka kufuli zipo kwa simu za zamani, mwisho iPhone X, na hata hizo mara nyingi hubaki za Wi-Fi tu, hazishiki laini. Na kwamba Apple wenyewe wanaweza kuifungua, ila wanataka uthibitisho wa ununuzi wa kwanza kabisa, si risiti yangu ya Kariakoo. "Mtafute mwenye akaunti," akasema. "Ataitoa akiwa popote pale duniani, ni kazi ya dakika tano." Hakunidai kitu.

Nikarudi dukani nikiwa nimejiandaa kuomba kwa upole wamtafute msambazaji wao wa Dubai. Ndipo yule kijana akanipa ile sentensi. Nilipomkumbusha kwamba ni yeye aliyesema niiflashi, akageukia wateja wengine akasema watu wazima wasinunue vitu wasivyovijua. Nina umri wa kumzaa, na nimefundisha watoto wa rika lake kwa miaka mingi. Sikupata jibu, midomo ilitetemeka tu.

Aliyeniokoa ni binti mmoja aliyekuwa akiuza makava pembeni. Aliinama, akakisoma kioo, akauliza kwa sauti ambayo duka zima liliisikia: "Hii si akaunti ya Prince wetu?"

Prince wa Dubai alikuwa kijana aliyewahi kufanya kazi pale pale dukani, akaacha, akahamia Mwanza. Enzi zake, kila simu ya mtumba waliyotaka kuiwekea WhatsApp ili mteja aione inafanya kazi waliiingiza akaunti yake, na kila mteja aliondoka nayo. Akapigiwa simu. "Shikamoo mama, pole sana," akaniambia, na huyo ndiye mtu pekee aliyenipa pole katika mkasa wote. Akafungua iCloud, yaani akaunti yake ya Apple ya mtandaoni, kwenye simu yake, tukalinganisha IMEI iliyoandikwa kwenye risiti yangu, akaiondoa. Tukaizima, tukaiwasha, ikaniuliza nataka lugha gani.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema watu wasikanyage duka lile. Kisha nikamfikiria yule binti, nikafikiri kwamba shida imetatuliwa bila kunigharimu fedha, nikataka kuwapa nyota tatu, kwa sababu bei zao ni nzuri na simu haina tatizo. Lakini kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyoona kwamba kwa wiki zote zile kijana nisiyemjua, aliye Mwanza, angeweza kufungua ramani akaona simu yangu imelala wapi usiku, na angeweza kuifunga au kuifuta wakati wowote akitaka. Namshukuru kwamba ni mtu mwema. Duka halikujua kama ni mwema au si mwema, wala halikujali. Basi ni nyota moja, nayo ni ya binti wa makava.

Kwa maana kuna neno jingine alilolisema Prince siku ile, kabla hatujasomeana IMEI. Alikaa kimya kidogo kwenye simu, kisha akasema: "Mama, ziko nyingi humu, na zote zinaitwa simu ya Prince." Nikamgeukia muuzaji nimuulize kama hao wengine wameambiwa. Alikuwa tayari na mteja mwingine, anamwekea WhatsApp.